Jino na Tupa

Siku ya kumi na tisa ya kutosemezana na mumewe, Mama Kesho alitafuna jiwe.

Lilikuwa jiwe dogo, la rangi ile ile ya maharage, limejibanza ndani ya kijiko cha tatu. Ka! Mlio ulimfika mpaka kisogoni. Alitema kiganjani, akakuta jiwe zima, halina hata mkwaruzo, na pembeni yake kipande cheupe chenye ncha, ukubwa wa ukucha wa mtoto. Hicho kilikuwa chake. Gego la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limemeguka.

Mumewe alikuwa upande wa pili wa meza, anakula huku anatazama ukuta. Aliusikia ule mlio, kwani asingeusikia vipi? Kijiko chake kilisimama hewani. Alifungua mdomo aseme pole, maana hata adui huambiwa pole, kisha akakumbuka kwamba pole yake ya mwisho, ya siku ya tano, mke alimwambia paka ndiye aipokee. Akaufunga mdomo, akaendelea kula.

"Paka," mke akasema, mkono shavuni, "mwambie fundi wako atafune polepole, kuna mawe."

"Paka," mume akajibu, "mwambie nimesikia."

Paka mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameondoka tangu juzi kwenda kuzaa anakokujua yeye, na wawili hawa walikuwa wanaongea na mguu wa meza.

Watu wazima hao! Mume kapita sitini, mke anamfuata kwa karibu, mtoto wao mmoja kaolewa mbali na ana watoto wake, na bado wananuniana. Ungewauliza majirani wangekuambia nyumba ile ina amani kuliko zote pale kijijini, maana haitoki sauti. Ilitoka ya randa na msumeno tu, kwa sababu mume alikuwa seremala na karakana yake ilikuwa banda la mbao lililopakana na jikoni. Watu walimwita Fundi Kesho. Hajapata kumjibu mteja neno jingine kwa mara ya kwanza. Kitanda? Njoo kesho. Kabati? Njoo kesho. Wakati mmoja alimwambia hivyo mtu aliyekuja kuagiza jeneza, ingawa hilo alijirekebisha haraka. Na mkewe, bila kosa lolote, akawa Mama Kesho.

Ugomvi wenyewe uliletwa na methali. Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi la karakana wakaanza masihara yao. Mmoja akasema, "Fundi, kazi zinakuelemea bwana, si uongeze jiko? Tafuta kibinti kikusaidie." Fundi, bila kuinua uso kwenye ubao, akamjibu, "Mzoea punda hapandi farasi." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nyuma ya ukuta alikuwa amesimama Mama Kesho na sinia la chai, vikombe vinne. Methali aliisikia, na kicheko akakisikia. Akarudi jikoni, akaimwaga chai yote kwenye majivu, na tangu hapo hakumsemesha tena mumewe.

Miaka thelathini na minne ya maji kichwani, kuni mgongoni, jembe mkononi. Kilichomuuma si kuitwa punda. Kilichomuuma ni kwamba alipolipima lile jina, aliona linamwenea.

Fundi naye, masikini, hakujua kosa lake. Methali aliitamka akaisahau hapo hapo. Siku ya pili ya kununiwa alidhani ni mlango wa jikoni, alioahidi kuutengeneza tangu miaka mitatu nyuma. Akauondoa, akauchonga upya, akaufungia bawaba mpya. Kimya. Siku ya sita akadhani ni kigoda kilichokuwa kinayumba. Akakitengeneza. Kimya. Ikafuata rafu ya vyombo, kisha mpini wa jembe, kisha dirisha la chumbani. Kazi za miaka kumi zilikwisha kwa wiki mbili, na kila asubuhi Fundi alizunguka nyumba akitafuta kingine kilichoharibika, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kuomba msamaha. Mke aliona yote. Kila alipoufungua mlango ule usiolia tena, roho ilimlainika kidogo. Halafu akajiambia kwamba hata mwenye punda hutengeneza banda.

Zamani maharage waliyachambua pamoja. Ungo mmoja, magoti manne, na miwani moja, ya mume; macho ya mke nayo yalikwisha kuanza kumdanganya. Mke alipitisha vidole, mume akachomoa mawe, na hapo ndipo habari zote za siku zilipoongelewa. Tangu wanuniane mke alichambua peke yake, na lile jiwe likampita hivyo.

*

Kipande kilichobaki mdomoni kilikuwa na ukali wa bati. Kila alipomeza, ulimi ulikwaruzwa pale pale. Kufikia siku ya pili baada ya jiwe ulikuwa umefanya kidonda upande wa kushoto, na kila neno alilotamka lilipita juu ya kidonda hicho. Ajabu ni kwamba katika nyumba isiyo na maneno, hilo halikupaswa kuwa shida. Lakini ndipo alipogundua jinsi alivyokuwa anaongea siku nzima: na kuku, na sufuria, na moto unaokataa kuwaka. Sasa hata hao hakuweza kuwasemesha.

Alisukutua kwa maji ya chumvi, akatokwa machozi. Akakata kipande cha mshumaa, akakilainisha kwa vidole, akakibandika juu ya jino. Nta ilishika mpaka saa nne, alipokunywa uji wa moto, ikayeyuka na kuteremka na uji. Akabandika nyingine. Ile ikatoka alipopiga chafya shambani, ikaruka, na kuku akaimeza.

"Haya, nenda nayo," akamwambia kuku, kwa shida.

Mchana akatoa kioo kidogo cha mumewe cha kunyolea ndevu na tupa ya kucha ambayo binti yake aliisahau siku aliyokuja, akakaa mlangoni penye mwanga. Akapanua mdomo. Mkono mmoja ulishika kioo, wa pili ulivuta shavu, na wa kushika tupa ukawa haupo. Akajaribu kulivuta shavu kwa kidole gumba huku ameshika tupa kwa vidole vilivyobaki. Kioo kikapata ukungu wa pumzi. Akakifuta, akajaribu tena, tupa ikateleza ikamchoma ufizi. Damu ikatoka. Jamani, mtu unaweza kujikuna mgongo kwa kujisugua ukutani, lakini jino la nyuma ndani ya kinywa chako mwenyewe halina ujanja. Lazima awepo mtu wa kukushika kidevu. Alikaa pale mlangoni na kioo mapajani, akalia kidogo, siyo kwa maumivu.

Jioni binti akapiga simu.

"Shikamoo mama. Mbona unaongea kama una pipi mdomoni?"

"Marahaba. Jino limemeguka. Linanikata ulimi."

"Pole mama yangu! Si umwambie baba akuangalie? Kwa macho yale ya kuona hata ufa kwenye mbao?"

"Baba yako ana kazi nyingi."

"Kazi gani na mkewe anaumwa? Mpe simu nimwambie mwenyewe."

"Mwache. Yupo, ila… mwache tu."

Hakuwa mjinga huyo mtoto. "Mama," akasema taratibu, "kwa nini usije ukakaa kwangu? Huku hospitali ya meno ipo karibu. Uje ukae hata miezi. Wajukuu watafurahi."

"Nitafikiria."

Ng'ambo ya ukuta wa mbao, randa iliyokuwa ikisukumwa ilisimama. Ilisimama muda mrefu, na ilipoanza tena ilikuwa inapita mahali pamoja tu.

*

Kesho yake Mama Kesho alikwenda zahanati, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Alimwambia mguu wa meza anakokwenda, kisha akatoka.

Benchi la wagonjwa lilikuwa limejaa. Muuguzi alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya kukimbia, na alifanya kazi mlango wazi ili apate mwanga, kwa hiyo kila aliyekaa kwenye benchi alipata habari za mwenzake bure.

"Umri, mama?"

Akamtajia.

"Unaishi na nani?"

Mama Kesho alisita. "Na fundi," akasema.

"Fundi ni nani yako?"

"Mume wangu."

"Sema basi mume, mama, niandike mume. Panua mdomo. Panua zaidi. Aaa, hili halijaoza, ni zima kabisa, limemeguka tu ncha. Daktari wa meno huja mara moja kwa mwezi na alikuwa hapa juzi. Itabidi ungoje mwezi ujao, au uende mjini."

"Mpaka mwezi ujao ulimi utakuwa umekwisha."

"Nakuelewa mama. Wa kulisawazisha ni daktari, sikufichi. Ila ncha yenyewe ni ndogo. Mtu mwenye mkono mtulivu akiisugua juu juu, kidogo sana, kwa kitu kidogo kilichochemshwa, isikukate, utaweza kumngoja. Huna mtu nyumbani wa kukushika?"

Kabla hajajibu, sauti ikatoka kwenye benchi. "Si ni mke wa Fundi Kesho huyo? Mama, mwambie mzee akupige randa!"

"Atamwambia njoo kesho!" akadakia mwingine.

Benchi zima likaangua kicheko, wenye homa na wenye vidonda pamoja. Mama Kesho naye akacheka, mdomo umefungwa, maana asiyecheka naye huchekwa mara mbili. Akachukua vidonge vyake vya maumivu, akashika njia. Njiani hakukutana na mtu. Alitembea akitafuta upweke wake ulianzia wapi, kama ni kwenye methali au zamani zaidi, na hakupata jibu. Alichojua ni kwamba binti yake alikuwa anangoja jibu, na kwamba akienda huko hatarudi, kwa sababu hakutakuwa na wa kumwambia rudi.

*

Alifika mchana. Hakupitia jikoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa karakana, akasimama juu ya maranda. Mumewe alikuwa amempa mgongo, ameubana msumeno kwenye jiliwa, anaunoa jino moja moja kwa tupa ndogo ya pembe tatu. Penseli sikioni, miwani puani. Shati lilikuwa limechanika begani, na kwa siku ishirini na mbili hakukuwa na aliyelishona.

Mama Kesho alimeza mate, na mate yakauma. Alitafuta neno la kuanzia. "Mume wangu" lilikuwa zito, "wewe" lilikuwa kali. Mwishowe akasema lile ambalo kila mtu husema akifika mlango ule.

"Hodi, fundi. Nimeleta kazi."

"Njoo kesho," akasema Fundi, bila kugeuka.

Mdomo ulikuwa umezoea, kichwa kilikuwa hakijasikia. Mama Kesho alisimama pale kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Neno la kwanza alilomsemesha katika siku ishirini na mbili, na jibu ndilo hilo. Akageuka, akaanza kwenda kwenye nyumba, na alikuwa amekwisha kuamua nguo atakazofunga na atakazoacha.

Ndipo sauti ile ilipomfika Fundi pale alipo. Tupa ilimwanguka. Alitoka mbio akijikwaa kwenye mbao, miwani imekwenda upande, na mzee wa umri ule hajakimbia tangu lini!

"Siyo wewe!" akapiga kelele uani. "Mama! Siyo wewe niliyekwambia! Wewe siyo wa kesho!"

Kuku walitawanyika. Mama Kesho akasimama, hakugeuka.

"Wewe ni wa leo," akasema Fundi, anahema. "Kazi gani? Lete. Leo hii."

Mke akageuka taratibu, akaonyesha shavu kwa kidole.

*

Alimkalisha kwenye benchi la wateja, uso kwenye mwanga wa mlango. Akaichemsha tupa ndogo kuliko zote, mpya, ambayo haijagusa chuma. Akanawa mikono mara mbili kwa sabuni, akavaa miwani vizuri, akapiga goti kwenye maranda mbele yake.

"Meno ndiyo kazi yangu," akasema, akijaribu utani. "Toka asubuhi nanoa meno. Haya, hili la kwanza kupunguzwa makali."

Mke hakucheka. Fundi akamshika kidevu, akauvuta mdomo wa chini kwa kidole gumba, akachungulia. Na hapo machozi yakamtoka Mama Kesho, yakashuka mpaka kwenye kidole cha mumewe. Akajinasua, akaufunga mdomo.

"Nimekuumiza? Hata sijaanza!"

"Ndivyo wanavyonunua punda," akasema mke. "Wanamshika taya, wanamfunua mdomo, wanamhesabu meno."

"Punda gani tena?"

"Si wewe uliyesema? Hapa hapa, mbele ya wateja wako. Mzoea punda hapandi farasi. Mkacheka."

Fundi alibaki na tupa mkononi. Alirudi nyuma siku moja moja, ukamwona usoni anavyorudi, mpaka akafika. "Ile?" akasema. "Ile ni methali!"

"Methali ina masikio marefu na miguu minne."

"Nilitaka wanyamaze tu. Walikuwa wanasema upuuzi, niongeze jiko, sijui kibinti. Nikatafuta neno la kuwafunga midomo, likaja hilo."

"Miaka thelathini na minne. Ulipotafuta neno juu yangu, likaja hilo."

Fundi angeweza kusema methali maana yake ni kwamba ameridhika, kwamba farasi hamtaki. Lakini hata yeye, mtu wa mbao, aliona kwamba ukiifafanua zaidi punda anabaki pale pale. Akatazama chini, kwenye maranda.

"Nilidhani ni mlango," akasema mwishowe.

"Najua ulidhani."

"Halafu nikadhani ni kigoda."

"Nimeona. Kimekaa vizuri."

Kidonda cha ulimi kilikuwa kimeamka kwa maneno mengi kiasi hicho. Mama Kesho akapangusa macho kwa upindo wa khanga, akaegemea ukuta, akapanua mdomo mwenyewe.

Fundi akaanza. Mkono mmoja ulishika kidevu, wa pili ulipitisha tupa, taratibu, mara tatu kisha kutulia, mara tatu kisha kutulia. Mlio ulijaa kichwani mwa mke, kriii, kriii. Na kwa kuwa mwenzake hakuweza kujibu, ulimi wa Fundi ukafunguka.

"Nilikusikia na mtoto kwenye simu," akasema. "Tulia, usitikisike. Nilisikia ukisema utafikiria. Jioni ile sikufanya kazi. Nilisukuma randa tu ili usijue nimesimama. Niliogopa. Nilijiambia akienda, nitakula na nani? Nitamwambia nani kwamba ubao huu una fundo baya? Maana huwa nakwambia, hata kama husikilizi. Pumzika. Meza mate. Haya, panua." Kriii, kriii. "Siku hizi nikila sijui nakula nini. Nyumba imekuwa kubwa. Mimi sijui kusema vizuri, wewe unanijua. Maneno yangu ni ya kuokota barabarani. Lile nililiokota vibaya. Nisamehe, mama."

Mama Kesho alitazama dari. Alikuwa amengoja neno hilo siku zote zile, na sasa lilipokuja, lilimkuta mdomo wazi, kidole cha mtu mdomoni. Alijua pia kwamba kama angekuwa na uwezo wa kujibu, mumewe asingelisema.

"Basi," akasema Fundi, akampa kikombe cha maji ya chumvi. "Sukutua, tema hapo nje. Jipime."

Akasukutua, akatema, akarudi kwenye benchi. Akapitisha ulimi. Jino lilikuwa laini kabisa. Hakukuwa na ncha, hakukuwa na ukali, ulimi ulipita bila kukwama popote. Alijua ni kazi nzuri. Alijua pia kwamba akisema hivyo, mumewe atainuka, atajipangusa magoti, atarudi kwenye msumeno wake, na yeye atakwenda jikoni kuwasha moto, na baada ya hapo ni nani angesema nini, na kwa sauti gani, hakuna kati yao aliyefahamu.

"Bado," akasema.

"Wapi?"

"Hapo hapo. Kuna kitu kinanikwaruza."

Fundi akaingiza kidole. Kidole kile kilikuwa kinaweza kugundua unywele mmoja chini ya vanishi. Kikapita juu ya jino, kikarudi, kikapita tena, na hakikukuta kitu. Akamtazama mkewe juu ya miwani. Mke alikuwa anatazama dari.

"Kweli," akasema Fundi. "Pamebaki kidogo."

Akamshika kidevu tena. Akaigeuza tupa upande wa mpini, ule wa mti laini usio na meno, akaanza kuupitisha polepole pale pasipo na kitu.